Maji Niliyokataa Kumwaga

Kavira aliniomba niseme maneno machache kwenye mazishi ya baba yake, na akataka niseme yale ya samaki, ili watu wacheke kidogo. Tulikuwa Bwera, nyuma ya nyumba yao, maturubai yamefungwa kwenye miti na sufuria za maharage zinachemka upande wa jikoni. "Wewe ndiye ulifanya kazi naye," aliniambia. "Sema vile alimuua Gaston." Familia nzima inaijua hadithi hiyo kama baba yao alivyoisimulia: alikuwa mzembe, akayapeleka maji ya samaki wagonjwa kwa samaki wazima, na Madam akamfukuza kazi kwa ajili ya samaki. Sasa msimuliaji alikuwa ndani ya sanduku, na mjane wake, Mama Katungu, ameketi kwenye mkeka mbele ya wageni, mikono mapajani. Nilimwambia Kavira anipe dakika kumi, nikaenda kusimama kando ya tangi la maji ya mvua. Nina karibu miaka themanini na nimekwisha kuzungumza kwenye mazishi mengi, hata ya watu niliokuwa siwapendi, lakini siku hiyo sikujua nianzie wapi.

Ulikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya sitini, wakati watu wa Beni na Butembo walipokuwa wakikimbia vita na kuvuka mpaka pale Mpondwe na magodoro vichwani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nahudumu mezani katika gesti ya Madam Odile mjini Kasese, hatua chache kutoka stesheni. Madam alikuwa Mbelgiji, mjane, naye alikuwa amevuka mpaka, ila yeye alivuka na lori zima: vitanda, santuri, na tangi la kioo lenye urefu wa mtu aliyelala. Tangi hilo aliliweka katika chumba cha kulia, na ndani yake akafuga samaki wa bahari. Ndiyo, wa bahari, na hapa Kasese, ambako bahari iko mwisho mwingine wa reli. Samaki walikuja kwa treni kutoka Mombasa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, na maji yao yalikuja vilevile, ndani ya mapipa. Mainjinia wa mgodi na watalii waliokuwa wakielekea Mweya kuona wanyama walikunywa supu ya vitunguu huku wakiwakodolea macho. Palikuwa na mmoja mkubwa wa buluu, mwenye uso wa kununa, ambaye Madam alimpa jina la marehemu mumewe, Gaston. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Madam alisimama mbele ya kioo akamsalimia. Gaston akija kwenye kioo, sisi wafanyakazi tulishinda salama. Gaston akijificha nyuma ya jiwe, hata chumvi mezani ilikuwa na kosa.

Papa Kakule ndiye aliyewatunza samaki hao. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, Mkatoliki wa kufunga kweli, na alikuwa akiwatunza tangu Butembo, bwana Gaston wa kwanza akiwa hai. Mkewe Katungu alibaki ng'ambo na binti yao mdogo, tumbo likiwa tayari linaonekana, kwa sababu siku walipokimbia walipoteana njiani. Habari zilizomfikia zilisema yuko hai na anatafuta njia ya kushuka hadi Mpondwe. Kwa hiyo Papa Kakule alikuwa na haja moja tu maishani: asiondoke Bwera, jirani kabisa na Mpondwe, ambako mkewe angepitia. Askari wenye orodha walikuwa wakipita kila mwisho wa mwezi. Mkimbizi aliyekuwa na barua ya mwajiri aliachwa, na asiyekuwa nayo alipandishwa lori kwenda kambini, safari ya siku mbili, ambako hata mke mwenye akili kama Katungu asingejua pa kuanzia kumtafuta. Barua hiyo Madam aliiandika upya kila mwezi, kwa mkono wake. Papa Kakule aliikunja ndani ya kitabu cha sala, na kila alipokuwa akizungumza nawe, kidole chake kilikwenda kukigusa kitabu hicho mfukoni.

Mwaka huo, siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, treni ilileta samaki wapya watano. Mmoja wao, wa manjano, alikuwa na vidoa vyeupe mwilini, vidogo kama chembe za unga wa muhogo. Papa Kakule hakumruhusu hata mmoja aingie katika gesti. Alisema kila chumba cha Madam kina sabuni, au moshi, au dawa ya mbu, na zaidi ya hayo kina mikono ya watu. Akawapeleka wote Bwera, kwenye chumba cha udongo alichopanga nyuma ya nyumba ya katekista, akawaweka kwenye mabeseni ya enameli. Umeme haukuwapo, basi alijaza upepo kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori kwa pampu ya baiskeli, akaufunga mrija mwembamba na kibanio cha nguo, na viputo vikawa vinatoka polepole chini ya beseni. Mpira ukilegea, anapampu tena. Alikula mihogo na maharage akiwa amekaa kwenye kigoda kati ya mpira na mabeseni. "Siku makumi ine," aliniambia. "Sisi tuko mu Kwaresima, nabo beko mu Kwaresima. Kwa Pasaka tutatoka wote." Na amri yake ilikuwa moja: mkono ulioingia katika maji ya Bwera usiingie katika maji ya Kasese. Yeye akabaki Bwera na wageni, mimi akanifundisha kumtunza Gaston na wenzake. Nilipandishwa cheo, ukipenda kusema hivyo, na nilitembea na cheo hicho kama askofu.

Kila Alhamisi nilikwenda Bwera na pikapu ya gesti kumpelekea maji mapya ya bahari. Kila siku ya tatu alikuwa akiwahamishia samaki kwenye beseni jingine lenye maji mapya, na maji ya zamani, na uchafu wake wote wa chini, aliyakusanya kwenye pipa moja alilolichora msalaba wa makaa. Bustani ya katekista asingeweza kuimwagia chumvi, maharage yangekauka, kwa hiyo pipa hilo tulilirudisha kwenye pikapu na kulimwaga maeneo ya Munkunyu, kwenye kokoto pasipolimwa. Katika wiki ya tatu vidoa vilikuwa vimekwisha. Samaki wa manjano aling'aa. Nilimwuliza kwa nini anaendelea kuharibu maji. Akanivuta hadi kwenye beseni. "Biira, mwana, sikia. Ile kitu inakula samaki, inashiba, inaanguka chini. Chini iko nalala. Halafu inapasuka, inakuwa mingi, inatafuta samaki ingine. Ukiona samaki iko safi, ndio pale utaogopa." Niliitikia ndiyo Papa, ndiyo Papa, kama mtu anayesikiliza.

Sikusikiliza, na sababu yake ni ziwa la chumvi la Katwe. Kabla ya gesti nilifanya kazi miaka miwili na shangazi yangu kwenye vishamba vya chumvi, vile vidimbwi vya kukaushia maji kando ya ziwa lile, na kule maji ya chumvi hayamwagwi. Kishamba kikipungua, unachota kwa jirani kilichobaki, unaongeza. Yakiwa machafu, unayaacha yatulie, unachukua ya juu. Na ndani ya maji yale hakuna kinachoishi, si samaki, si chura, si funza. Kidonda chochote cha mguuni tulikitia humo, tukapiga kelele, kikapona. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba ugonjwa unaweza kulala ndani ya maji ya chumvi na kuamka mzima, nilimheshimu kama mkubwa wangu lakini moyoni nilimwona mtu wa milimani asiyejua chumvi. Kumwaga pipa zima la bahari kwenye kokoto kuliniuma kila Alhamisi.

Alhamisi ya nne treni haikufika, kwa sababu mvua ilikuwa imebomoa tuta la reli huko njiani. Na wiki hiyohiyo pembe moja ya tangi la Kasese ikaanza kuvuja. Nilipachika nta, nikapachika utomvu, na bado maji yalishuka kwa upana wa vidole vinne, kisha sita, hadi pezi la Gaston la mgongoni likawa linatoka nje kila alipogeuka. Madam alizunguka meza akipiga kelele. "Biira! Maji iko wapi? Gaston atakufa mbele ya macho yangu?" Pipa la mwisho la maji mapya nilikuwa nimekwisha kumpelekea Papa Kakule asubuhi hiyo, nikitumaini treni ingeleta mengine, na kwenye pikapu tulirudi na lile la msalaba, limejaa. Tulipofika Munkunyu dereva alipunguza mwendo. "Leo tunamwaga?" akauliza. Nikamwambia, "Hapana, twende." Kwenye ua wa gesti nililiacha litulie saa tatu nzima, nikachota ya juu, nikayachuja kwa kitambaa cha meza kilichokunjwa mara nne. Yalitoka angavu. Nikayatia. Tangi likajaa hadi ukingoni, Madam akanishika shavu mbele ya wageni akasema mimi ni msichana mwenye kichwa. Jioni hiyo nilipewa kipande cha kuku kilichokusudiwa wageni, na nilikila kwa raha zote.

Siku ya tisa Gaston alijikwaruza kwenye jiwe. Nilimwona nikiwa nimeshika sinia la supu. Alijikwaruza mara ya pili, ubavu ukameta, na nikajiambia anacheza. Kesho yake palikuwa na chembe nyeupe tatu kwenye pezi lake, na keshokutwa sikuweza kuzihesabu. Wadogo nao walikuwa wanatweta juu juu, mashavu yanapanda na kushuka. Nilikuwa nikipanga visu na uma mezani kinyume, kwa sababu nilikwisha kujua. Madam naye akaona. Alituma pikapu Bwera.

Papa Kakule aliingia chumba cha kulia akiwa amevua viatu. Akapiga magoti mbele ya kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Madam alisimama nyuma yake na leso mdomoni. "Kakule, Gaston iko na nini?" Alinyanyuka, akaniita uani, akafunga mlango wa jikoni. "Maji ilitoka wapi?" Nilimwambia la treni, la kuvuja, la kitambaa cha meza, maneno yakanitoka yote kwa mara moja, na nikamaliza kwa kusema nilidhani chumvi inaua. Hakunikaripia. Alikuwa anapiga hesabu, niliiona usoni mwake. "Akijua ni wewe, atakufukuza leo hii," alisema. "Na mimi siwezi kuwa Bwera na hapa. Mi ananijua tangu Butembo. Atapiga kelele, atanyamaza. Wewe usiseme kitu." Akarudi ndani, nami nikamfuata, nikamsikia akisema, "Ni mimi, Madam. Nililetaka maji mubaya." Madam alimtazama, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba Gaston akifa, barua haitaandikwa tena. Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka hapo. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na Kiswahili cha kutosha, na nilinyamaza.

Dawa ilikuwa mrututu, zile chembe za buluu ambazo wakulima wa kahawa wa Karusandara walipulizia miti yao. Ikizidi kidogo, inawaua samaki wenyewe. Ikipungua, haiui kitu. Papa Kakule aliipima kwa mizani ya barua ya Madam, punje kwa punje, akishusha pumzi pembeni ili asiipeperushe. Kwanza tuliwatoa konokono na kaa mdogo, maana wale dawa hiyo huwamaliza mara moja. Chumba cha kulia kilifungwa, wageni wakala verandani, katekista akabaki akiwapampia upepo wale wa Bwera, na sisi wawili tukawa tunakaa humo kuanzia alfajiri, yeye upande huu wa tangi, mimi upande ule. Tuliwapoteza wawili siku ya kwanza, mmoja siku ya tatu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Kwaresima. Yeye alikula mlo mmoja tu kwa siku, ugali na mboga, na nilimwambia angalau anywe chai, akasema, "Kama mi naacha sasa, itanisaidia nini?" Kupitia mlango tulimsikia Madam akizungumza na mhasibu wake juu ya nani angeweza kununua tangi. Mimi nilisali pia, tena sala ya mtu mwoga: Mungu, mponye Gaston, ili nisilazimike kusema.

Alhamisi Kuu vidoa vilipungua, Ijumaa vikaisha. Nililia kwa furaha. Papa Kakule hakulia, kwa sababu alikuwa anatazama mashavu. Ugonjwa ulikuwa umekwisha ngozini lakini ulikuwa umekwisha kula ndani pia, pale samaki anapovutia pumzi. Jumamosi mchana, wapishi wakikaanga vitunguu vya Pasaka upande wa pili wa ukuta, Gaston alilala ubavu. Madam aliingia, akamtoa kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga kwa kitambaa cheupe. Kisha akamwambia Papa Kakule, bila hasira, kwamba alikuwa na mume akamwachia samaki, na sasa hana hata samaki. Barua ya mwezi huo ilikuwa na siku tatu zimebaki.

Siku hizo tatu ndizo zilizonifanya niwe mtu niliye, na sijivunii. Jumapili nilimwandalia Madam meza, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikajiambia nitasema baada ya supu. Baada ya supu nikajiambia nitasema akimaliza kahawa. Jumatatu alinipa funguo za chumba cha kulia na kusema kazi ya Kakule sasa ni yangu, na nikasema asante, Madam. Nikasema asante! Jumanne nilikwenda Bwera na pikapu. Wale wageni watano walikuwa wamemaliza siku zao arobaini, wazima, wanang'aa kwenye beseni, na Papa Kakule alikuwa anawafungia kwenye mifuko ili niwachukue. Alinieleza tangi la Kasese likae siku arobaini bila samaki hata mmoja, na wao wakae kwenye beseni jingine hadi hapo. Nje askari aliita, "Wewe, toka! Barua iko wapi? Haraka!" Papa Kakule alijibu, "Ndiyo, afande," akaweka kitabu cha sala mfukoni, bila barua mpya ndani yake. Nilisema, "Papa, nitamwambia Madam. Leo hii nitamwambia." Akanitazama kwa namna ya kuniamini kabisa. "Ukisema, watanirudisha," alisema. Alipanda lori pamoja na watu wengine kama ishirini. Nilirudi Kasese na mifuko mitano mapajani, na sikumwambia Madam siku hiyo, wala kesho yake, wala siku nyingine yoyote hadi alipouza gesti akaenda zake.

Wiki ya pili baada ya hapo, Katungu alivuka Mpondwe. Alifika gesti kwa miguu, vumbi hadi magotini, tumbo kubwa, binti wa miaka mitatu ameshika kanga yake. Nilimkuta mlangoni nikiwa na wavu mkononi. Alisema, "Bwana yangu iko hapa, anachungaka samaki." Nilimwambia amepelekwa kambini. Akauliza kosa lake. Na mimi, nikimtazama usoni, nikasema, "Alileta maji mabaya, samaki wakafa." Nilimpa uji na mkate, akala akiwa amesimama. Kavira alizaliwa Bwera nyumbani kwa katekista, bila baba, na baba huyo alipowapata kwa msaada wa mapadre, mtoto alikuwa tayari anatembea na akamkimbia kwa kumwogopa. Mwishowe waliruhusiwa kubaki Bwera, wakajenga. Tangu hapo kila Pasaka walinialika. Papa Kakule alisimulia ya Gaston baada ya chakula, akijicheka mwenyewe, wajukuu wakapaliwa kwa kicheko, na akifika mwisho alinigeukia na kuuliza, "Ni vile, Biira?" Nami nilisema, "Ni vile, Papa."

Dakika zangu kumi zilipokwisha nilirudi chini ya turubai. Nilisema yote: pipa, Munkunyu, kitambaa cha meza, mlango wa jikoni, zile siku tatu, na lile nililomwambia mama mjamzito pale mlangoni. Hakuna aliyecheka. Kavira alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilimaliza, nikaenda kupiga magoti mbele ya Mama Katungu, nikamwambia, mama, nilikudanganya, ni mimi.

"Mi najua," alisema. "Alinielezaka tangu siku ya kwanza alitupata."

Nilimwuliza kwa nini basi alinipikia miaka yote hiyo.

"Ni yeye alikuwa nasema tukuite. Unafikiri ile hadithi alikuwa naisema kwa batoto? Kila Pasaka alikuwa nakuuliza wewe. Halafu ukishaenda, ananiambia: Katungu, labda mwaka ule ingine." Alinitazama, macho makavu. "Leo ndio unasema, na yeye hasikie."